Alamu za moshi aliweka shangazi ya mume wangu, sasa hakuna hata moja inafanya kazi na naogopa kumwambia

BARUA

Habari yako mshauri. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu na leo imebidi na mimi niandike, juu hii kitu inaninyima usingizi na nikijaribu kuambia watu naonekana kama mtu wa kutafuta shida mahali haiko.

Tunaishi Kisumu, Migosi, gorofa ya pili, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na dada wa kazi. Ploti ni ya shangazi ya mume wangu, dada ya marehemu baba yake. Huyu mama alifanya kazi ya unesi Uingereza miaka mingi, pesa ya huko ndiyo alijengea, na aliporudi akatupatia nyumba kwa kodi ya chini kushinda wapangaji wengine. Hatujaandikiana kitu, ni maneno tu ya kifamilia. Mimi natoka upande wa Kakamega na wakati naolewa si wote kwao walifurahi, lakini shangazi alisimama na mimi, kwa hivyo namheshimu sana na pia namwogopa.

Wakati wa kujenga aliweka alamu za moshi kwa kila nyumba. Kwetu moja iko sebuleni karibu na mlango wa jikoni na nyingine ilikuwa kwa korido ya vyumba vya kulala. Hiyo ya sebuleni inalia kila tukikaanga samaki, na si kulia kidogo, inapiga nduru mpaka mtoto mdogo anaingia chini ya meza na majirani wanachungulia. Mume wangu akachoka, akapanda stuli akaivalisha ile kofia ya plastiki ya kuogea alitoka nayo hoteli fulani, akaikaza na raba. Iko hapo hadi leo, wageni wanaangalia juu wanacheka. Ya korido nayo ilianza kulia ti, halafu inanyamaza kama dakika moja, halafu ti tena, na ilikuwa inapenda kuanza usiku wa manane. Shemeji yangu akiwa amekuja kututembelea aliishusha, akatoa betri zote mbili akaweka kwa rimoti ya TV. Mimi nikanunua zingine mpya nikarudisha, siku chache ikaanza tena. Nyuma yake imeandikwa 2012 na maneno mengine madogo madogo sikuyaelewa. Sasa imelala kwa droo.

Tungekaa hivyo tu, lakini juzi nyumba iliyo chini yetu mtoto wao aliacha simu ikichaji juu ya godoro. Godoro likashika moto, neti ikayeyuka, moshi mweusi ukapanda kwa ngazi mpaka kwetu. Ilikuwa mchana, vijana wa steji ya boda wakakimbia wakavunja mlango, hakuna mtu aliumia. Alamu yao haikulia hata kidogo, wao pia walitoa betri kitambo. Tangu hiyo siku mimi nikilala naona godoro.

Nimeongea na mume wangu. Ananiambia nyumba nyingi za Migosi hazina hizo vitu na watu wanaishi, na moshi ukiingia si tutasikia harufu tuamke. Nikamwambia basi tumwambie shangazi, hapo ndipo aliposhika hasira kabisa. Ati nitaonekana namdai mtu aliyetupunguzia kodi, na ati nitamfanya aonekane mwanaume asiyeweza kushughulikia nyumba yake. Na kweli kuna mpangaji wa juu aliwahi kulalamika kuhusu tanki ya maji akaambiwa kama nyumba haimfai, mlango uko wazi.

Nina pesa kidogo ya chama, nimefikiria kununua alamu yangu kimya kimya. Nimefikiria kumpigia shangazi mwenyewe. Nimefikiria hata tuhame. Kwa sasa nachofanya ni kungojea wote walale, napanda stuli natoa ile kofia, halafu naamka kabla ya mume wangu naivalisha tena. Najihisi kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Nifanyeje mshauri, au ni mimi naogopa kupita kiasi?

Mama wa Migosi, Kisumu

JIBU

Mama wa Migosi, asante kwa kuandika, na pole kwa yale mliyoona nyumba ya chini. Nianze na swali lako la mwisho. Mtu ameona godoro la jirani likiwaka na moshi ukipanda ngazi mpaka mlangoni kwake, na watoto wake wanalala nyumba ya juu yake, huyo hawezi kuambiwa anaogopa kupita kiasi. Woga wako una sababu na uko mahali pake, tutaongea tu kuhusu pa kuupeleka.

Nikisoma barua yako naona mambo mawili yamefungwa pamoja. Kuna mambo ya vifaa, alamu moja imefunikwa na nyingine imelala kwa droo. Halafu kuna mambo ya heshima, nani anaruhusiwa kumwambia nani nini, nani atasikia vibaya, wewe mke wa kutoka upande mwingine utaonekanaje, mume wako ataonekanaje mbele ya dada ya baba yake. Ukiyaacha yakiwa yamefungwa hivyo kila ukigusa alamu unagusa heshima ya mtu, ndiyo maana maneno madogo yanageuka ugomvi. Hebu tuyafungue.

Nianze na ile 2012, juu nadhani ndiyo kitu muhimu zaidi umeniandikia na umeipitia haraka. Hiyo kwa kawaida ndiyo tarehe ya kutengenezwa. Alamu ya moshi ina umri wake, watengenezaji na watu wa zima moto huhesabu miaka 10 kutoka ile tarehe, baada ya hapo inatolewa yote inawekwa nyingine, si betri peke yake. Kile chumba kidogo cha ndani kinachohisi moshi kinachoka na kujaa vumbi, na alamu iliyochoka inaweza kulia bila sababu ama ikakosa kulia kukiwa na sababu. Ile ti ya kila dakika kwa kawaida ni betri inaisha, na inapenda usiku kwa sababu hewa ikipoa betri dhaifu inashuka nguvu zaidi. Lakini uliweka betri mpya na ikarudi, na alamu nyingi hulia hivyo hivyo kusema umri wao umefika. Kama ziliwekwa zote mara moja, basi ya sebuleni ni rika moja na hiyo, na za majirani pia. Sasa angalia venye hiyo inabadilisha ugomvi wenu. Mume wako anasema hizi vitu zinasumbua, na ni ukweli. Wewe unasema hizi vitu hazitulindi, na ni ukweli pia. Mnalalamikia kitu kimoja mkiwa pande mbili za meza.

Na kelele za samaki nazo zina sababu zake. Alamu ikiwa mlangoni mwa jikoni italia tu, inashauriwa ikae kama mita 3 hivi kutoka jiko. Kuna aina inayohisi kwa miale kidogo ya nyuklia, hiyo ndiyo hukurupuka haraka kwa mafuta ya kukaanga, na kuna inayotumia mwanga ndani, hiyo ni mtulivu zaidi jikoni na ndiyo huwahi kugundua moto wa kufuka polepole kama wa godoro. Geuza yenu uangalie nyuma, ya aina ya kwanza huwa na ile alama ya mionzi, na hiyo usiifungue ndani kwa kisu wala kuichoma na takataka. Kuna pia alamu ya joto ya kuwekwa jikoni, hiyo haijali moshi wa samaki kabisa, inangoja joto lipande. Halafu wewe uko Kisumu, unawajua wale wadudu wa ziwa wanaokuja jioni na kujaa kwa taa, hao wanapenya zile tundu za alamu wanafia ndani, na mdudu mmoja kwa kile chumba anatosha kuifanya ilie. Brashi laini kavu, unapangusa tundu polepole kila baada ya muda, basi. Dawa ya wadudu ya kupuliza usiielekeze huko, na ile dawa ya mbu ya kuchoma usiiweke chini yake.

Sasa mume wako. Amesema kitu kimoja naomba mkizungumzie bila kushindana, kwamba moshi ukiingia mtasikia harufu muamke. Watu wengi wanaamini hivyo na si wajinga, mchana pua inafanya kazi vizuri tu. Lakini mtu akiwa usingizini harufu haimwamshi kwa kutegemewa, na ule moshi wenyewe una hewa ya sumu ya kaboni ambayo haina harufu na inamfanya alale zaidi. Ndiyo maana hicho kifaa kikapewa sauti kali hivyo, desibeli 85 ukiwa mita 3. Na hata hiyo sauti, watoto wadogo mara nyingi hulala nayo wasiamke, mtu mzima ndiye anaamka kuwachukua. Hilo pia liangalieni, nani anakimbilia chumba cha watoto, dada wa kazi anajua, amewahi kuambiwa?

Lakini nina swali kwako pia, na usiniskie vibaya. Una uhakika kinachomkasirisha ni alamu? Ulipotaja shangazi ndipo alichemka. Huyu ni mwanaume anayekaa kwa nyumba ya dada ya baba yake kwa kodi ya huruma, baba mwenyewe hayuko tena, na kila mwezi akilipa anakumbuka hiyo huruma. Huenda anasikia "hujalinda familia" mahali wewe unasema "tununue alamu". Sijakaa na yeye, siwezi kujua. Wewe unamjua. Jaribu kumuuliza ni nini hasa anaogopa shangazi atasema, na umwache amalize hata kama jibu litakuuma kidogo.

Na shangazi mwenyewe, nyinyi wawili mmeshaamua atakasirika, lakini sijaona kwa barua yako mahali amewahi kukataa jambo la alamu. Ule wa tanki ni mpangaji mwingine na jambo lingine, hatujui aliongeaje. Huyu mama ameishi Uingereza, na huko sheria tangu Oktoba 2015 inamlazimu mwenye nyumba ya kukodisha kuweka alamu ya moshi kila orofa yenye chumba cha kuishi, na tangu Oktoba 2022 mpangaji akimwambia imeharibika lazima atengeneze ama abadilishe. Mpangaji naye hushauriwa kuipima mara kwa mara na kubadilisha betri. Hapa kwetu hakuna mtu alimlazimisha, aliziweka kwa kupenda kwake, kwa pesa yake, kila nyumba. Mtu wa namna hiyo inawezekana akaumia zaidi kusikia kutoka nje kwamba ziko kwa droo na hakuna aliyemwambia. Inawezekana pia akaona aibu kwamba zimepitisha umri na hakuangalia, na wazee wetu aibu wakati mwingine hutoka kama ukali. Zote mbili zinawezekana, ndiyo maana sitaki kukusukuma.

Ukiamua kuongea naye, kuna tofauti kubwa kati ya wewe kupiga simu peke yako na mume wako kwenda kumwamkia na kuleta habari ya moto wa nyumba ya chini, ambayo nadhani ashaisikia. Ukipiga peke yako unaweza kupata jibu haraka na ukapoteza kitu nyumbani kwako, juu mume atajua umempita. Akienda yeye, ama mkienda pamoja, maneno yanaweza kuwa ya kushukuru kwanza, shangazi uliweka hizi vitu na juzi tumeona maana yake, tumeangalia nyuma tukaona ni za 2012, tunaomba ushauri tufanyeje. Hiyo ni kweli tupu, hakuna mahali mnamdai. Na mnaweza kujitolea kununua zenu, akitaka kuchangia ni yeye. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika hata mkiongea kwa adabu yote, ama akaahidi na isifanyike, na nyinyi mkabaki mnangoja. Kungoja ndiyo ningehofia zaidi ya ukali.

Kununua yako na pesa ya chama kunaondoa kungoja. Alamu ya betri haihitaji fundi wa stima, ni skrubu mbili kwa dari, na siku hizi kuna zenye betri ya ndani isiyotoka ya miaka 10, hata shemeji hataipata ya rimoti. Ukinunua angalia iwe imeandikwa EN 14604, ndiyo alama ya kiwango cha Ulaya cha hizi vitu, na angalia tarehe yake kabla ya kulipa. Kidude cha bei ya kutupa kisicho na tarehe wala alama mimi nisingekiamini na watoto wangu. Korido ya vyumba ndiyo ningetanguliza, juu ya dari, si kwa kona pale dari na ukuta zinakutana, hewa huko haitembei vizuri. Mara moja kwa mwezi unabonyeza ile batani ya kupima. Lakini kufanya hivyo kimya kimya, hapo ndipo nasita pamoja na wewe. Ikilia usiku wa kwanza mume atauliza imetoka wapi, na mtaanza kuzungumza juu ya siri badala ya moto. Labda si lazima iwe siri, labda ni kumwambia tu, nimenunua, naomba uipandishe wewe. Wanaume wengine hilo ombi dogo linawarudishia nafasi yao. Wengine hapana. Wewe unamjua.

Kuhama nimekuelewa, lakini hapo mume wako amesema ukweli, nyumba nyingi mtakazoona Migosi, Kenya Re ama Mamboleo hazitakuwa na alamu hata moja, kwa hivyo mtalipa kodi zaidi na bado mtanunua ile ile ya skrubu mbili. Kama kuna sababu zingine za kuhama, za huo undugu na kodi ya huruma, hizo ni za kweli na zinastahili mazungumzo yake, zisijifiche nyuma ya alamu.

Kuna kitu haukuandika na kinanisumbua. Gorofa zetu zina grili kwa madirisha na mlango wa chuma wenye kufuli. Usiku ule ufunguo unalala wapi? Nimeona nyumba nyingi uko kwa mfuko wa suruali ya baba, na suruali haijulikani iko wapi. Alamu inakupa dakika chache tu, na hizo dakika zinaweza kuisha mkitafuta ufunguo gizani na moshi machoni. Hili halihitaji shangazi wala pesa ya chama, ni msumari mmoja karibu na mlango, mahali mkono wa mtu mzima unafika na wa mtu wa nje haufiki kupitia dirishani, na kila mtu ndani ajue, dada wa kazi akiwa wa kwanza. Na usiku stima ikipotea, mshumaa usikae karibu na neti, uliona mwenyewe venye ya jirani iliyeyuka. Simu zichaji sakafuni ama mezani. Pia ujue alamu ya moshi haitambui gesi ikivuja, harufu ya gesi ukiisikia ni kufungua madirisha, usiguse swichi ya taa, mtungi unafungwa kama unafikika. Namba za dharura ni 999 ama 112, dada azijue pia.

Hilo la ufunguo nadhani linaweza kuwa mlango wa kuingilia kwa mume wako. Halimgusi shangazi, halimgusi yeye kama mwanaume, ni jambo la kufanya pamoja jioni moja na watoto wakiangalia, mnatembea kutoka chumbani mpaka nje. Baada ya hapo huenda mazungumzo ya alamu yakaja yenyewe, huenda pia yasije na ikabidi uyalete.

Kuhusu ile kazi yako ya usiku ya stuli, sikuiti mwizi hata kidogo. Ile alamu ni ya zamani lakini kama inanusa samaki, kuna kitu bado inafanya, na afadhali iwe wazi usiku kuliko kufunikwa mpaka mpate nyingine. Ninachojiuliza ni kama ungeweza kumwambia kwamba unafanya hivyo. Si kwa kumshtaki, kumwambia tu, silali, natoa ile kofia kila usiku. Yawezekana hajui woga wako umefika hapo, anadhani ni maneno ya kupita. Na majirani wa chini nao wana jambo hili hili sasa, yule mama wa godoro sidhani kama amelala tangu siku hiyo, pengine nyinyi wawili mna cha kuzungumza kabla hata ya kufika kwa shangazi, na wapangaji wakileta ombi moja pamoja hakuna atakayeonekana ni yule mke wa Kakamega ameleta maneno.

Niandikie tena ukishaongea na baba watoto, ama hata kabla kama maneno ya kuanzia yamekukwama. Wasalimie watoto, na dada wa kazi pia.